Makazi ya Kijana Asiye na Kwao

Darsa ya leo haikuanza kitabuni. Imeanza barazani pa msikiti tunaosomeshea, nayo ilitujia kwa sura ya kijana mmoja wa Wenje, mwenye umri wa miaka 17 au 18. Mwenyewe hakuwa na hakika, kwa kuwa cheti chake cha kuzaliwa kilichukuliwa na maji. Alikuwa akilala hapo barazani baada ya sala ya isha, milango ikiisha kufungwa, na kabla ya adhana ya alfajiri huamka akapafagia mahali alipolala ili mtu asitambue. Sisi tulitambua. Tulijua kwa muda wa wiki nyingi kabla hatujamsemesha neno, na hilo ni la kwanza la kutuaibisha.

La pili ni hili. Tulipokwisha kumsemesha tukachangishana fedha, tukamnunulia nguo na viatu, tukamlipia nauli ya basi mpaka Wenje, tukaagana naye kwa dua, kisha tukarejea majumbani mwetu tumeridhika kwamba tumemrudisha mtoto kwao. Haikutimia mwezi akawa yuko pale pale barazani. Mmoja wetu akamkemea, akamwambia kuwa hana shukrani. Kijana akajibu kwa adabu: "Maalim, mlinipeleka palipokuwa nyumba yetu. Nyumba haipo." Mama yake na wadogo zake watatu walikuwa wakikaa katika hema moja juu ya kilima, na kijana aliporudi alilala nje siku zote alizokaa huko. Sisi hatukuwa tumeuliza. Hapana hata mmoja wetu aliyempigia simu mtu wa Wenje kabla ya kukata tikiti.

Basi tumeona ni wajibu tulitazame jambo hili vizuri kwa pamoja, kwani twaamini si sisi peke yetu tulioteleza hivi, na katika miji yetu ya pwani hapana msikiti wenye baraza usiomjua kijana wa namna hii.

Kwanza asiyeijua Wenje na aijue. Ni mji wa ukingoni mwa Mto Tana, kati ya Garsen na Hola. Wenyeji wake wengi ni Wapokomo, na wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Kazi yao ni kilimo cha ndizi, maembe, mpunga na mahindi katika ardhi ambayo mto huinywesha ufurikapo. Kufurika kwa mto kwao ni riziki: maji yakija kwa kiasi huleta udongo mpya wenye rutuba. Lakini yakizidi huondoka na nyumba. Katika miaka yetu yamezidi mara nyingi. Yalizidi 1997, yakazidi 2018, yakarudi mwisho wa 2023, na kabla watu hawajakauka yakaja ya Aprili na Mei 2024. Na mabwawa ya umeme yaliyoko juu ya mto, kama Masinga na Kiambere, yakijaa humwaga, na yanayomwagwa huwashukia watu wa chini. Juu ya hayo, katika nchi ya delta yalipita mapigano ya 2012 na mwanzo wa 2013 baina ya Wapokomo na Waorma, yaliyoua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu. Mtoto aliyekuwa akikokotwa kwa mkono katika mkimbio ule leo ni barobaro.

Sasa zingatia, ndugu msomaji, ni nani anayekosa pa kulala kwanza nyumba ikianguka. Sisi watu wa pwani, wa mijini na wa mashamba, tuna ada moja: mtoto wa kiume akibaleghe hapasi kulala chumba kimoja na mama yake wala na dada zake. Mjini hupewa chumba cha nje. Katika vijiji vya mtoni hujengewa kibanda chake cha miti na udongo kando ya nyumba ya wazee, naye hulala humo na wenziwe. Ada hii ni njema, na sheria yetu yaiunga mkono. Lakini yakija maji, jamaa nzima huhamia hema moja. Mama ataingia humo na wasichana na wadogo; mzee naye atatafuta pembe. Kijana hana nafasi, na wala hakuna aliyemfukuza. Haya tu ndiyo yamtoayo. Atalala chini ya mwembe siku mbili tatu, kisha atapanda lori.

Na njia yake yajulikana. Ataanzia njia panda ya Minjila au sokoni Garsen, abebe mizigo, alale mbele ya duka. Atafika Malindi, na wengine Mombasa. Serikali ilipowahesabu watu waishio mabarabarani mwaka 2018 iliwapata 46,639 katika Kenya nzima, na kati yao 7,529 walikuwa Mombasa, mji wa pili kwa wingi wao baada ya Nairobi. Hatusemi kuwa wote hao wametoka mtoni, la. Wametoka kila upande, na wengi wamezaliwa papo hapo mjini. Twasema tu kwamba watu elfu saba na zaidi katika mji wenye misikiti mingi kama Mombasa si jambo la kupita tukiangalia upande mwingine.

Na yuko mmoja ambaye ni rahisi kumsahau, naye ni msichana. Yeye hatumwoni barazani. Msichana wa Wenje akikosa kwao hutafutiwa kazi ya nyumbani mjini, na kwa muda huo ana pa kulala. Lakini pa kulala pake ni pa tajiri wake, na siku akikosana na bibi wa nyumba, au bwana wa nyumba akimtazama visivyo, amekosa kazi na nyumba kwa saa moja. Usiku huo ataenda wapi? Wako wanawake katika miji yetu wawapokeao wasichana kama hawa kwa ajili ya Mungu, nasi twawajua baadhi yao na twawaombea. Na wako wanaowapokea kwa sababu nyingine. Kwa hiyo kila tusemalo hapa juu ya kijana wa kiume, juu ya msichana ni la haraka zaidi.

Na hebu tuliache neno "chokoraa". Mtu huitwa kwa alichonacho au kwa kazi yake au kwa baba yake. Kumwita mtu kwa jaa ambalo njaa ilimpeleka ni dhuluma, na twalisikia hata midomoni mwa watu wenye elimu.

Tukirudi kwenye elimu, watu wengi hudhani kuwa kumhifadhi kijana asiye na makao ni jambo la wazungu na mashirika yao. Hawakumbuki Suffa. Kibla kilipogeuzwa kuelekea Makka, katika mwaka wa pili wa Hijra, upande wa nyuma wa msikiti wa Madina uliezekwa, na hapo pakawa makao ya watu wasio na jamaa wala mali, wengi wao vijana waliofika mjini bila ya mtu wa kumfikia. Abu Hurayra alikuwa mmoja wao, naye asimulia kuwa aliona watu 70 wa Suffa ambao hapana aliyekuwa na nguo ya juu. Wengi wetu twaijua habari hii mpaka hapo, tukaisifu subira yao, tukanyamaza.

Lakini tazama mambo yalivyopangwa pale. Paa lilikuwapo, na halikuwa peke yake. Mtume (s.a.w.) aliwaagiza masahaba wenye chakula wawachukue majumbani mwao, huyu mmoja na huyu wawili, kwa kadiri ya chakula cha kila nyumba. Palikuwa na mwalimu: Ubada bin Samit aliwafundisha kuandika na Qur'ani. Palikuwa na kazi: wako waliokuwa wakikata kuni mchana na kuziuza, na thamani yake ikanunua chakula cha wenziwe. Na palikuwa na kutoka. Aliyeoa au aliyepata nyumba aliondoka, mwingine akaingia, na idadi yao ikawa inazidi na kupungua. Huyo Abu Hurayra aliyekuwa akianguka kwa njaa karibu na mimbari alikuja kuwa liwali wa Bahrain katika zama za Umar. Basi paa, mwenyeji, mwalimu, kazi na mlango wa kutokea vilikwenda pamoja. Sisi barazani petu tulimpa yule kijana nguo na tikiti ya basi.

Karibu na kwetu pia uko mfano. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh yapata miaka 120 na zaidi iliyopita, umewapokea wanafunzi wa mbali ukawapa pa kulala na elimu, na wengi wao walikuwa watu ambao miji ya wakati ule haikuwapa hadhi. Wasomaji wetu wanajua kuwa katika baadhi ya mambo hatuafikiani na ndugu wa huko. Hilo halituzuii kusema kweli, kwamba katika hili walitutangulia.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe, nalo ni umri. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imefanya jambo ambalo twapaswa kulishukuru: imeitambua kafala yetu kwa jina lake, kuwa ni njia halali ya kumlea mtoto asiye na jamaa bila ya kumkata na nasaba ya baba yake. Na mpango wa taifa wa 2022 hadi 2032 wataka watoto watolewe katika majumba ya mayatima warejeshwe kwa jamaa. Haya ni mema. Ila kwa sheria mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na siku akiitimiza, kwa kawaida milango ile iliyomfungukia humfunga. Aliyelala jana kitandani katika makao ya watoto leo ni mtu mzima mwenye mfuko wa nguo mkononi. Mwongozo wa serikali wa 2014 juu ya malezi mbadala umeliona pengo hili, ukataja aina ya makazi ambamo kijana hukaa peke yake au na wenziwe, na mtu mzima akawa karibu naye akimsaidia mpaka ajitegemee. Imeandikwa. Ni wangapi katika miji yetu waliowahi kuiona?

Fiqhi yetu haikuukata umri kwa kisu namna hiyo. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu amewaamuru mawalii wawajaribu mayatima mpaka wafikie kuoa, kisha wakiona kwao uongofu wa akili ndipo wawakabidhi mali yao, tena mbele ya mashahidi. Wanavyuoni wakatofautisha baina ya kubaleghe na rushdi, yaani kukomaa kwa akili katika mambo ya mali na maisha. Mtu aweza kuwa na ndevu asiwe na rushdi. Imamu Abu Hanifa aliufikisha mpaka wa kungojea kwenye miaka 25, ambapo mtu hupewa mali yake kwa hali yoyote. Tazama hekima ya neno "kujaribu". Mlezi hangoji siku moja akamtupia kijana kila kitu. Humpa kidogo akamtazama, akamwongeza. Ameshika kodi ya mwezi mmoja akailipa? Ameweza kupika, kuamka, kuweka akiba ya shilingi mia? Akiteleza huzungumza naye, kesho akamjaribu tena. Twaona kuwa makazi ya kijana yapangwe vivi hivi.

Hapa pana mas'ala tuliyobishana juu yake katika halaka yetu jioni tatu, na haki ni kuyaeleza. Je, kijana anayetumia unga apewe chumba? Baadhi yetu walisema asipewe mpaka aache, kwa hofu ya kuiharibu nyumba na kuwaharibu wenziwe. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hakuna mtaa wa pwani usiojua nyumba iliyouzwa sahani zake. Wengine wakauliza: ataacha vipi naye analala kwenye mtaro pamoja na wanaomuuzia? Hospitali ya Malindi imekuwa ikitoa dawa ya methadoni tangu 2015, na dawa hiyo yataka mtu afike kila siku. Mtu asiyejua atalala wapi leo hawezi kuahidi kesho asubuhi atakuwa wapi. Huko Ufini, tangu 2008, waliyageuza mabweni yao ya watu wasio na makao kuwa nyumba ndogo ndogo zenye mkataba na ufunguo, mtu akapewa nyumba kwanza na matibabu yakamfuata humo, na idadi ya wasio na makao ikashuka kwa miaka mingi.

Mzee mmoja katika halaka akatukumbusha mpango wa maneno katika Suratudh-Dhuha. Mola anapomkumbusha Mtume wake neema zake, ataja kwanza kuwa alikuwa yatima akampa makazi, kisha ndipo uongofu, kisha ndipo utajiri. Hatudai kuwa hiyo ndiyo tafsiri ya aya, na aliye na elimu zaidi atusahihishe. Lakini baada ya neno lile mabishano yalipungua. Tulikubaliana kwamba kijana wa unga apewe makazi, asiwekwe chumba kimoja na wasiotumia, na aandamane na mtu wa kumpeleka hospitali. Wawili katika sisi hawakukubali mpaka leo.

Wako watakaosema: fedha zitoke wapi? Twajibu kwa swali. Nyumba ngapi za wakfu katika miji yetu zina vyumba vya nje vilivyowekwa mbao mbovu na madebe? Na misikiti mingapi imetandikwa mazulia mapya juu ya mazulia ambayo hayajachakaa? Wakfu ambao mwenyewe aliusia uwe wa maskini wasiokuwa na pao haukuusiwa uwe wa mazulia. Wasimamizi wake na warejee katika hati zao wasome, na wakiona shaka wawaulize Tume ya Wakfu pale Mombasa. Chumba kimoja kikipatikana, halaka ilipe kodi yote miezi mitatu ya kwanza, kisha nusu, kisha robo, na kijana ajazie kwa kazi yake, mpaka siku moja aje yeye kuwapa mkono wa kuaga.

Mambo mengine twayapitia upesi, ingawa si madogo. Asiye na kitambulisho hapati kazi ya maana wala hasajili laini ya simu kwa jina lake, na kijana wa mtoni ambaye karatasi zake zimekwenda na maji huhitaji mtu mzima wa kwenda naye kwa chifu na kwa msajili, si mara moja. Aliye chini ya miaka 18 asichukuliwe nyumbani mwa mtu kimya kimya, hata kwa nia njema. Afisa wa watoto aarifiwe, na simu ya 116 haitozi kitu. Msichana awekwe kwa wanawake. Na kabla ya kumrudisha yeyote kwao, apigiwe simu imamu au mzee wa kule aende akaone kwa macho yake ikiwa nyumba imesimama.

Kwa yule kijana wetu tulianza upya. Fundi seremala mmoja, mtu wa makamo, alikuwa na chumba cha nje kilichojaa mbao; tukazihamisha, tukapaka chokaa, tukatia kitasa. Kijana alipewa ufunguo mmoja na fundi akabaki na mmoja. Wiki ya kwanza alilala sakafuni kando ya kitanda, na fundi hakumuuliza. Mara mbili alitoweka siku kadhaa, na mara zote mbili fundi alikiacha chumba kama kilivyo. Sasa anashinda karakanani akipiga randa, na tangu Ramadhani iliyopita analipa robo ya kodi, siku nyingine kwa kuchelewa. Kitambulisho bado hakijatoka.

Fedha zilizobaki tulizipeleka Wenje, safari hii baada ya kupiga simu. Wazee wa huko walionyesha mahali pa juu ambapo maji ya 2024 hayakufika, wakasimamisha kibanda cha miti na udongo kando ya hema la mama, kwa gharama isiyozidi kodi ya chumba cha mjini kwa miezi michache. Anayelala humo ni mdogo wake anayemfuata, mwenye miaka 14.